Siku Tano Pemba na Kamera ya Shoga Yangu

Alkhamisi

Safari ilianza kwa ubishi. Mimi nilitaka tukapige picha Forodhani kama watu wengine: jua linazama, vijana wanajirusha baharini, basi. Shoga yangu akasema picha hizo zishapigwa mpaka bahari yenyewe imechoka. Kisha akaniuliza, "Wewe Mzanzibari wa wapi, Pemba hujaikanyaga?" Nikanyamaza, maana ni kweli. Pemba nilikuwa naijua kwa karafuu zake na kwa watu wake waliotujaa mtaani, na wote wakiniambia nije, nami nikiwajibu inshallah.

Jina lake kanikataza nisilitaje, kwa hiyo atabaki shoga yangu mpaka mwisho. Anasomesha hesabu. Ana kamera kubwa aliyoinunua mtumba, na anaibeba kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Alikuwa na sababu yake. Miaka mingi alipita mbele ya Beit al-Ajaib akienda kazini. Ndani mle kulikuwa na makumbusho, na ukumbini kumewekwa mfano wa mtepe, kile chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba, hakina msumari hata mmoja. Kila siku alisema kesho ataingia na kamera. Tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja wa jumba hilo, ambalo Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, ukaporomoka, na watu wawili wakafa. "Picha ya mtepe sina," huniambia kila tukipita pale, kama mtu anayedaiwa. Tangu siku hiyo akisikia neno makumbusho anatafuta betri. Na Chake Chake kuna makumbusho.

Boti iliondoka Malindi asubuhi. Hadi Nungwi bahari ilikuwa shwari, watu wanakula maandazi, mtoto mmoja anaimba. Tulipouacha mgongo wa kisiwa na kuingia mkondoni, kusi likatushika na ukumbi mzima ukanyamaza. Tangu mwaka 2011, ilipozama meli ya Spice Islander, sidhani kama kuna anayevuka mkondo wa Nungwi bila kusoma chochote moyoni. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa na tasbihi mkononi. Mimi nilikuwa na mfuko wa kutapikia, na hapo sitasema zaidi.

Tuliposhuka Mkoani shoga yangu akaifungua kanga, akaondoa kifuniko cha lenzi, akatazama, akapiga ukelele. Kioo kizima kimeota ukungu. Ndani ya boti kiyoyozi kilikuwa kinatugandisha, nje joto na unyevu wa bandari, na lenzi imetoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Akataka kuifuta kwa mtandio. Mchukuzi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia akamzuia: "Iache, dada, usiifute. Ipate joto la huku kwanza. Hata miwani hufanya hivyo." Tukakaa kitako nusu saa tukisubiri kamera izoee Pemba. Picha za mwanzo za Mkoani zimetoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Alitaka kuzifuta zote, nikamwomba aniachie moja, na ndiyo niipendayo.

Njia ya kwenda Chake ilinishangaza. Mimi ni mtu wa Unguja, kwangu mimi ardhi ni kitu bapa. Pemba gari linapanda, linashuka, linapanda tena, na kila ukifika juu unaona bonde jingine la minazi na mikarafuu. Ni msimu wa mavuno, majamvi yametandikwa kando ya barabara, na harufu inaingia dirishani kabla hujaziona karafuu zenyewe. Zilizoanikwa leo bado zina rangi ya kijani na uwekundu. Za siku tatu nne zimekuwa kahawia iliyokolea. Dereva hakanyagi hata punje moja, anazunguka jamvi kama anavyozunguka mtu.

Kulala tulilala Machomane, kwa mama mdogo wa shoga yangu. Samaki wa chukuchuku, wali, pilipili ya kuwasha kweli. Nililala kabla ya saa tatu.

Ijumaa

Makumbusho yenyewe yamo katika ngome ya zamani, karibu na hospitali, na ukiwa na haraka unaweza kuipita usijue ni ngome. Kilichobaki ni kipande. Msimamizi, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa chuoni, alitusimamisha nje kwanza, hataki tuingie kabla hatujajua tunaingia wapi.

"Wanangu, hii mnayoiona si ngome, ni pembe ya ngome," akasema.

Walioiona mwanzoni mwa karne ya 19 waliikuta na minara minne kwenye pembe zake, miwili ya duara na miwili ya mraba. Mnara wa duara ni kawaida ya wajenzi wa mwambao wa wakati ule. Wa mraba si kawaida, na ndiyo maana wengi wanaona kwamba watu wa Oman waliijenga karne ya 18 juu ya msingi waliouacha Wareno. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikabomolewa sehemu kubwa ili hospitali ipate nafasi. Nilimuuliza kama haimuumi. Akatazama upande wa hospitali, ambako mjamzito mmoja alikuwa anashushwa kwenye gari, akasema, "Iniume kwa lipi? Mimi mwenyewe nimezaliwa hapo."

Tukalipa kiingilio, tukaingia. Picha ruhusa, akasema, ila flashi hapana.

Hapo ndipo shoga yangu alipokutana na adui ambaye hakumtarajia: kioo. Vitu vyenye thamani vimo kwenye makabati ya kioo, na dirisha liko nyuma yako. Ukielekeza kamera kwenye kigae cha chungu cha miaka mia saba, unachokipata ni dirisha, mti wa nje, na sura yako mwenyewe umekunja uso. Alipiga picha kumi na mbili za mwanzo, akazitazama, akacheka kwa hasira. "Tumekuja Pemba kujipiga picha wenyewe."

Basi ikawa kazi. Yeye anabandika lenzi karibu kabisa na kioo, mimi nasimama nyuma yake nimetanua kanga kwa mikono miwili kama mtu anayeanika nguo, nazuia mwanga wa dirisha. "Juu kidogo. Kulia. Usipumue." Wageni wawili wa Kizungu wakaingia, wakanitazama, wakamtazama msimamizi, na nadhani waliniona kuwa ni sehemu ya maonyesho. Mikono iliniuma mpaka usiku. Lakini zile picha za kanga zimetoka: kigae cha kauri ya Kichina, rangi ya maji ya bahari ya kina kifupi, na juu yake mchirizi mwembamba kama ufa wa yai. Kigae kile kimetoka China, kimekuja kwa pepo za kaskazi, kimeliwa chakula, kimevunjika, kimetupwa jalalani, na leo mtu mzima ameambiwa asipumue kwa ajili yake.

Kuna maelezo ya magofu ya kisiwa kizima, Ras Mkumbuu, Pujini, na mengine. Ras Mkumbuu wana msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14. Kuna wanaosema huko ndiko ilikokuwa Qanbalu, mji ambao al-Masudi, msafiri wa Baghdad, aliuacha mwaka 916 akirudi Oman. Wengine wanapinga mahali penyewe, lakini kwamba ni Pemba wengi wanakubali. Msimamizi hakutaka kuingia katika ugomvi huo. Alichotaka kutuhadithia ni sarafu.

Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, kule upande wa Wete, wachimbaji walikuta sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zimefukiwa pamoja, na chache za dhahabu kati yake. Za karne ya 11. Za fedha ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na zina majina ya watawala wa huku huku mwambao, mmoja wao Ali bin al-Hasan. "Sasa nisikilizeni," akasema msimamizi, na akashusha sauti kana kwamba ni siri. "Upande mmoja jina la mtawala. Upande wa pili anajitegemeza kwa Mungu. Ukisoma upande huu ukageuza ukasoma na huu, maneno yana vina."

Shoga yangu akashusha kamera. "Sarafu ina vina?"

"Ina vina, mwanangu."

Nimesoma mashairi tangu skuli, nimelazimishwa kuhesabu mizani kwa vidole, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba watu wa pwani hii walitia vina mpaka kwenye pesa. Nilisimama pale nikijaribu kufikiria mtu anakwenda kununua samaki, anatoa ubeti mmoja, anarudishiwa chenji ya beti mbili. Hapo hakuna picha. Shoga yangu alimpiga msimamizi moja alipokuwa anageuza kiganja chake kutuonyesha sarafu isiyokuwepo, na mkono umetoka na ukungu kwa kuwa alikuwa anautikisa.

Chumba kilichobaki ni cha nyumba ya Kiswahili: kitanda, mkeka, vyungu, kawa, kinu na mchi. Na chini kabisa, pembeni, mbuzi ya kukunia nazi. Kibao kimepauka, ulimi wa chuma umeshika kutu kwenye meno, na unajua kwa macho tu kwamba hakijanusa tui miaka mingi. Shoga yangu akachuchumaa mbele yake muda mrefu kuliko alivyokaa mbele ya China.

"Hii iko jikoni kwa mama mdogo," akasema. "Hii hii. Asubuhi nimejikwaa nayo."

Usiku, jikoni Machomane, akamwonyesha mama mdogo picha kwenye kioo cha kamera. Mama mdogo akavaa miwani, akatazama, akatutazama sisi.

"Mmelipa?"

"Tumelipa, mama."

"Mmelipa pesa kutazama mbuzi ya nazi." Akavua miwani. "Basi mimi kesho nakaa mlangoni nakata tiketi."

Akakubali kupigwa picha anakuna, kwa sharti moja: mikono tu, uso hapana. Nimeitazama picha ile mara nyingi. Kifuu kiko kwenye kiganja cha kulia, kinazunguka kidogo kidogo kila mvuto, hakikai mahali pamoja, maana ukikuna pamoja unafika kwenye ganda jeusi na tui linaharibika rangi. Nazi inashuka kwenye sahani kama unga. Kwenye kibao, pale mtu anapokalia, pana bonde lililochimbwa na makalio ya wanawake wa vizazi viwili. Ile ya makumbusho nayo inalo bonde. La nani, hakuna kilichoandikwa.

Jumamosi

Pujini, na jirani mmoja mwenye gari. Si mbali na Chake, kusini mashariki, lakini njia ya mwisho ni ya udongo na jirani aliendesha kwa kuugulia kama kwamba matairi ni miguu yake.

Hapa ndipo alipokaa Mkama Ndume, karne ya 15 hivi. Jina lake la haki wanalitaja Muhammad bin Abdulrahman, lakini watu walimpa hilo jingine, na kila Mswahili analisikia lilivyo: mwenye kuwakama wanaume kama ng'ombe. Hadithi inasema aliwalazimisha kubeba mawe ya kuta hizi huku wamekaa kitako, wanajisogeza kwa makalio, jiwe kichwani. Mimi nilikaa chini nikajaribu bila jiwe. Hatua tatu nikaacha. Picha hiyo ipo na haitatoka mikononi mwa shoga yangu, nimemwapisha.

Mtu akikufikisha hapa bila kupita makumbusho kwanza ataona vichuguu, magugu na mawe. Sisi tulikuwa na maelezo ya jana vichwani: huu ni ukuta wa boma, hii ni ngazi pana ya kupandia juu yake, hapa msikiti. Kuna chumba kilichochongwa chini ya ardhi pia. Wachimbaji wanasema kuta zake zilipakwa chokaa na kuchorwa siwa, baragumu la enzi.

Kisha kisima. Mkama Ndume alikuwa na wake wawili, na wakewenza hawa hawakupatana hata kidogo, basi akawajengea kisima kimoja chenye ukuta katikati. Mmoja anateka kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwingine anashuka kwa ngazi hadi kwenye maji, hawaonani. Jirani yetu aliposikia hadithi hii akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Mwanamume aliyewakama wanaume," akasema, "wanawake wawili wamemshinda mpaka kawajengea ukuta." Shoga yangu akainama ukingoni na kamera, nikamshika buibui kwa nyuma. Wale wakewenza, kama ni kweli walikuwapo, walisikiana. Ukuta wa kisima hauzuii sauti. Kila mmoja alijua mwenzake anakohoa, anaimba, au amenyamaza kwa hasira.

Tulipokuwa tunatoka nikaona kigae chini, kimetokeza kwenye udongo baada ya mvua. Chungu cheusi, chenye mistari iliyokwaruzwa na mfinyanzi kwa kucha au kijiti kilipokuwa bado udongo mbichi. Kile kile cha jana cha ndani ya kioo. Nikakiokota. Kilikuwa chepesi, kina joto la jua, na kidole changu gumba kikaingia sawasawa kwenye mkwaruzo. Kijana mmoja wa pale, hata miaka kumi na tano hajafika, akanitazama tu.

"Dada, kirudishe kilipokuwa."

"Nakitazama."

"Kitazame, kisha kirudishe. Hapo hapo, si kule."

Nikakirudisha hapo hapo. Aliona haitoshi, akaja akakigeuza upande nilioukosea. Shoga yangu akapiga picha ya kigae, hakuna kioo, hakuna kanga, jua la saa nne. Imetoka safi. Na anavyojua yeye, ile ya jana aliyoitolea jasho ni nzuri zaidi.

Jumapili

Tulikwenda Wete ili tufike Mtambwe Mkuu, tukaone zilikotoka sarafu zenye vina. Maji yakikauka watu hupita kwa miguu. Maji hayakukauka. Mwalimu wa hesabu alikuwa amepiga hesabu ya bamvua kwa kichwa chake, akajumlisha pale palipotakiwa kutoa, na tukafika bahari imejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Tulikaa chini ya mwembe tukala haluwa tuliyoinunua mjini. Amepiga picha moja: maji, na ng'ambo yake mstari wa kijani. Ukiitazama huwezi kujua ni wapi.

Njiani kurudi akaniuliza kama najua kwa nini Pemba ina karafuu kuliko Unguja. Nikasema mvua. Akasema mvua pia, lakini Unguja nayo ilikuwa na mashamba makubwa mpaka tufani ya mwaka 1872 ilipoipiga na kuing'oa mikarafuu, na Pemba ikanusurika. Alilisoma Ijumaa mimi nikiwa nimebeba kanga, sioni kitu.

Jumatatu

Asubuhi tulirudi ngomeni dakika kumi tu. Msimamizi alituambia siku ile kwamba watu wengi humpiga picha akieleza na hakuna aliyewahi kumpa hata moja. Shoga yangu akamsimamisha mlangoni, akampiga tatu, akaandika namba yake ya simu. Leo ninapoandika, picha imeshasafishwa, ya karatasi, ukubwa wa daftari, imo kwenye bahasha kwa mtu anayesafiri kesho.

Tunamuaga mama mdogo, akaingia jikoni akatoka na kitu amekifunga kwenye gunia la karafuu. Mbuzi. Ile ya bonde. "Ilikuwa ya mama yangu, bibi yako," akamwambia shoga yangu. "Ninayo mpya, fundi wa Wawi kanichongea. Hii kaitumie. Nikisikia umeitia kwenye kioo, nakuja Unguja kwa miguu yangu."

Basi safari ya kurudi kamera ilikaa chini ya kiti na mbuzi ndiyo iliyopakatwa kwenye kanga. Bahari ilituhurumia. Tulipokuwa tunakaribia Malindi mtandao ukarudi, nikampigia kaka yangu simu aje kutupokea, maana mizigo ilikuwa mingi: karafuu, haluwa, mkungu wa ndizi. Boti inanguruma, sauti inakatika, nikawa napiga kelele. "Njoo getini! Tuna mizigo! Na mbuzi! Ndiyo, mbuzi, tumepewa na mama mdogo!"

Alikuja. Tulimkuta nje ya geti amesimama juani, mkono mmoja ameshika kamba ya katani, na wa pili, kwa kuwa ni mtu muungwana, fungu la majani.